Wanaohudumia wagonjwa wa akili: yoga ya kwenye kiti siku ya kliniki, inawezekana?

Nesi wa Mlimani

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni muuguzi, nipo mkoa wa Tanga. Siku ya kliniki ya afya ya akili mimi ndiye ninayepokea wagonjwa, kupima presha, kutafuta mafaili na kuchoma sindano za mwezi. Daktari wa akili huja kwa zamu, siku nyingine tunabaki mimi na tabibu tu.

Wagonjwa wetu wengi ni wa sikizofrenia (wanasikia sauti au kuamini yasiyokuwepo), baipola (hali inapanda kupita kiasi kisha inashuka), sonona na kifafa. Wanafika alfajiri, wengine wametoka vijijini kwa bodaboda, wengine kwa miguu. Wanakaa kwenye benchi hadi adhuhuri, wanachukua dawa, wanaondoka. Saa zote hizo hakuna kinachofanyika. Kuna mama mmoja mwili umemkakamaa kwa dawa, anakaa amekumbatia mkoba wake, haongei na mtu. Kliniki inayofuata namkuta vilevile, pembe ileile ya benchi. Inaniuma, kwa sababu najua nimempa alichokuja kuchukua lakini sijamhudumia.

Hivi karibuni nilihudhuria semina, na mwezeshaji mmoja akatufanyisha yoga ya kukaa kwenye kiti. Si ile ya kujipinda ambayo watu wanaiona kwenye simu. Tulikaa, tukakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, tukazungusha mabega, tukavuta pumzi na kuitoa taratibu. Nimekuwa nikiwaza tangu siku hiyo: kwa nini nusu saa ya ule muda wa benchi isitumike hivi, kwa anayetaka?

Huku kwetu kutibu akili kwa kuushughulisha mwili si jambo geni. Hospitali ya Lutindi, kule juu Korogwe, wagonjwa wamekuwa wakilima na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya matibabu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo sioni kama naleta kioja. Ila sitaki kukurupuka. Naomba mnisaidie: je, kuna wagonjwa ambao yoga inaweza kuwadhuru? Nitasemaje kwa Waislamu na Wakristo watakaouliza kama hii ni ibada? Nani afundishe, maana hatuna fedha za kumlipa mwalimu? Na wale wenye ulemavu wa miguu, wazee na wajawazito nawaweka wapi?

Mzawa wa Handeni

Dada, nia yako ni njema na Mungu akubariki. Lakini niseme kama ndugu wa mgonjwa. Mdogo wangu anaumwa kwa miaka mingi sasa. Kuna miezi tunafika dirishani tunaambiwa dawa imeisha, kanunueni nje, na bei ya duka la nje ni kilio. Mtu hana dawa, halafu aambiwe anyooshe mikono? Mimi naona nguvu hizo zielekezwe kwenye kuhakikisha dawa zipo. Na hilo la dini usilichukulie juujuu. Mama yetu akisikia neno yoga tu, kesho hatamruhusu mdogo wangu kuja kliniki, na hapo tumepoteza yote mawili.

Bi Utengemao

Mwanangu nesi, nimesoma swali lako nikafurahi sana. Nimefanya kazi ya utengemao, yaani kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, kwenye wodi za akili hapa Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na katika kazi zote vikundi vya yoga ya kiti ndivyo nilivyovipenda zaidi. Nitaandika kwa urefu, nivumilie.

Nianze na kaka wa Handeni kwa sababu hoja yake ni nzito. Mgonjwa wa sikizofrenia aliyekosa dawa anahitaji dawa, basi. Akitokea mtu akasema mazoezi yanachukua nafasi ya haloperidoli au olanzapini, usimpe hata kiti. Ila kaka, wewe umeishi na mgonjwa, unajua dawa inafika wapi. Inanyamazisha zile sauti, inamrudisha mtu nyumbani. Haimwondolei ugumu wa shingo, wakati mwingine ndiyo inayouleta. Haimfundishi alale usiku bila woga, wala haimpi sababu ya kutoka chumbani. Kazi anayoizungumzia nesi iko huko, na haigharimu kidonge hata kimoja cha mdogo wako.

Je, inasaidia kweli? Ndiyo, kwa kiasi chake, na nakutajia tafiti tatu ili ukienda kwa mganga mfawidhi usiende mikono mitupu. NIMHANS, taasisi kubwa ya afya ya akili kule Bengaluru, India, ilitoa mwaka 2007 utafiti wa wagonjwa 61 wa sikizofrenia waliokuwa wakiendelea na dawa zao. Wengine walifanya yoga, wengine mazoezi ya kawaida ya viungo, kwa miezi minne, na wa yoga wakapungukiwa zaidi na dalili. Marekani, mwaka 2014, Bessel van der Kolk na wenzake walichukua wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu ambao matibabu hayakuwa yamewafaa. Baada ya wiki 10 za somo la mara moja kwa wiki, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa ule, na katika kundi lililopewa elimu ya afya ya wanawake ilikuwa asilimia 21. Wa tatu ni wa kutuweka sawa: mwaka 2020, watu wazima 226 wenye wasiwasi uliopitiliza. Waliopata nafuu kwa yoga walikuwa asilimia 54, kwa tiba ya kubadili fikra na mwenendo asilimia 71, kwa elimu ya msongo asilimia 33. Miezi sita baadaye ile tiba ya fikra na mwenendo bado ilikuwa juu ya elimu ya msongo, lakini yoga haikuonekana tena kuipita elimu hiyo kwa uhakika. Kwa hiyo mwambie bosi wako ukweli huo: inaongezea, haichukui nafasi ya tiba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningetaka ulishike kuliko mengine yote. Mgonjwa wetu ni mtu ambaye wengine wameuamulia mwili wake. Ameshikwa na ndugu wanne, amefungwa kamba, amepakiwa kwenye gari, amechomwa sindano huku amekaliwa mgongoni. Wanawake wengine wamefanyiwa mabaya zaidi na hawajamwambia mtu. Ukisimama mbele yake ukaamuru, "Inueni mikono! Fumbeni macho!", umejipanga foleni moja na hao. Sema, "Ukipenda, inua mkono mmoja. Waweza kuinua yote miwili. Waweza pia kukaa tu na kutazama." Kisha uwe unamaanisha. Asiyetaka asibembelezwe, asicheke mtu, asinyimwe namba yake ya foleni kwa dokta. Usimguse mgonjwa kumrekebisha, hata kama mkono wake umepinda vipi. Usipite nyuma ya migongo yao. Viti vipangwe ili kila mtu auone mlango, na mlango uwe wazi. Ile dakika ambayo mtu anaamua mwenyewe, na mkono wake unamtii, na hakuna anayemkaripia akikataa, kwangu mimi tiba iko pale. Mkao gani umefanyika si hoja kubwa.

Kikundi changu kilikuwa hivi. Viti vya plastiki visivyo na mikono, vimewekwa nusu duara, visigusane. Tunakaa mbele kidogo, mgongo hauegemei. Miguu imekanyaga sakafu, mwenye miguu mifupi anawekewa kanga iliyokunjwa chini ya nyayo. Tunaanza kwa kutazama chumba: dirisha liko wapi, nani amekaa kulia kwangu. Halafu viganja juu ya mapaja, tunakandamiza kidogo, tunaachia. Mabega juu, mabega chini. Kugeuza shingo taratibu kushoto na kulia. Kugeuza kiwiliwili, mkono mmoja umeshika kiti. Kuinua kisigino, kushusha. Pumzi tunaiacha mwishoni: kuvuta kwa hesabu ya tatu, kutoa kwa hesabu ya tano, bila kubana. Ile ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, moyo unapunguza mwendo, ndiyo maana yake. Anayechanganywa na kuhesabu namwambia atoe pumzi kama anapoza uji, inatosha. Macho wazi muda wote kwa anayetaka, na kwa wanaosikia sauti mimi nashauri yawe wazi kabisa. Dakika 20 hadi 25, halafu maji ya kunywa. Hatulali chali. Watu wa kiwewe wengi kulala chali mbele ya wengine ni adhabu.

Nikupe mfano wa kwa nini kikundi kiwe ndani ya kliniki na kisiwe pembeni huko. Kulikuwa na mama mtu mzima, muuza mbogamboga, mikono ikimtetemeka. Alikuwa ameshajiambia kwamba ni uzee. Tulipofika kwenye kukandamiza viganja mapajani, akashtuka, mikono imetulia. Akaachia, ikaanza tena, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada. Akakandamiza tena. Akaniita, "Mama, njoo utazame." Akanieleza kwamba hawezi tena kufunga fungu la mchicha, wateja wanamwona kama mlevi, na kuna siku anaruka vidonge ili mikono itulie. Hayo yote hakuwahi kumwambia dokta, kwa sababu dokta huuliza, "Unaendeleaje?" naye hujibu, "Vizuri." Nikaandika kwenye faili palepale. Dokta akapunguza dozi ya haloperidoli, akaongeza benzeksoli, dawa ya kutuliza mtetemeko huo, kwa muda, na yule mama akaacha kuruka vidonge. Ukiniuliza yoga ilimsaidia nini, nitakujibu hilo kwanza, kabla ya usingizi na mengineyo.

Kuhusu madhara, haya yashike. Klopromazini hushusha presha mtu anaposimama ghafla, kwa hiyo usiinamishe vichwa chini ya magoti na usiwasimamishe haraka. Haloperidoli na flufenazini huleta ukakamavu, na kwa wengine ile hali ya kushindwa kutulia, mtu anachezesha miguu, anasimama, anakaa. Huyo usimwambie "tulia", hawezi. Mpe ruhusa ya kutembea pembeni, wenzake wakimwona, kisha arudi. Anayetumia lithiamu asitokwe jasho jingi bila kunywa maji. Pumzi za harakaharaka za kupiga tumbo, ambazo walimu wengi wa yoga huzipenda, zipige marufuku kabisa: zinaweza kuamsha degedege kwa mwenye kifafa, zinamletea mwenye hofu kuu ile hofu yenyewe, na mwenye baipola aliyeanza kupanda zinamsukuma juu zaidi. Kubana pumzi nako hapana, hasa mjamzito na mwenye presha. Mgonjwa aliye katikati ya mlipuko wa ugonjwa, haamini mtu, anaona watu wanamfuata, kikundi si chake leo. Atakuja akipoa. Na akitokea mtu akalia, au akasema kitu kinachoashiria kujiua, kuwe na mwenzako anayejua kumchukua pembeni na kumpeleka kwa tabibu siku ileile.

Ya dini na ya viti vya magurudumu nawaachia wengine, najua humu wamo.

Magurudumu Nairobi

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa yoga, niko Nairobi, na natumia kiti cha magurudumu. Nakubaliana na mama hapo juu kwa kila neno, hasa hilo la kutogusa watu.

Dada nesi, umeuliza wenye ulemavu uwaweke wapi. Waweke palepale na wengine, kwenye nusu duara ileile. Ukiwatengea kona yao umeshawaambia kwamba somo si lao. Mazoezi yote yakianzia kwenye kiti, basi mimi na yule aliye na miguu mizima tunaanza sawa. Kwa asiyeweza kusogeza kiungo, mwambie apeleke fikira zake pale na apumue, na hilo ni zoezi kamili. Matthew Sanford wa Minnesota alipooza kuanzia kifuani kwenda chini akiwa na miaka 13, kwa ajali ya gari mwaka 1978, na amekuwa mwalimu wa yoga kwa muda mrefu. Nilipomsoma ndipo nilipoacha kuona aibu kufundisha nikiwa nimekaa. Kwa asiyesikia, kaa mahali anapouona uso wako na mikono yako, na usigeuke kuelekea ukutani ukiendelea kuongea. Kwa asiyeona, taja kulia na kushoto, usiseme "fanya hivi". Na kabla ya yote hayo kagua ngazi za mlangoni. Nimewahi kualikwa kwenye ukumbi mzuri sana ambao niliingia kwa kubebwa na vijana wawili, na somo zima nilikuwa nafikiria nitatokaje.

Suala la mwalimu. Huku Nairobi tuna bahati, Africa Yoga Project imekuwa ikiwafunza vijana wa mitaa ya kawaida tangu 2007, na kuna watu wengi wanaofundisha mashuleni na kwenye jamii. Lakini nikuambie ukweli kuhusu cheti chetu. Kozi ya kawaida ya mwalimu wa yoga ni saa 200, na ndani ya saa hizo unaweza kumaliza bila kuambiwa chochote kuhusu sikizofrenia wala dawa zake. Mwalimu wa jimu akiletwa kliniki, atafundisha anachokijua, muziki juu, "twende kazi!" Mimi ningechagua wewe nesi ujifunze mikao michache kuliko mimi nijifunze udaktari wa akili. Mtafute mwalimu akufundishe wewe na wenzako wawili watatu, kisha awe anakuja mara mojamoja kuwaangalia. Wagonjwa wanakujua tayari, na wewe ndiye uliye na faili.

Usinunue mikeka ya yoga. Kwanza ni ghali, pili inawaweka watu sakafuni, na mtu wa goti bovu ukimshusha sakafuni kumwinua ni kazi. Pesa kidogo ikipatikana, iwe nauli ya wale wanaotoka mbali.

Binti wa Ng'ambo

Asalaam aleikum. Mimi siyo mtaalamu, ni mgonjwa. Nina sonona, niko Unguja, natumia fluoksetini na nafanya yoga ya kiti pamoja na kina mama wenzangu. Nataka kuongea kwa upande wa wanaokaa kwenye hivyo viti.

La dini kwanza. Nami nilikuwa na shaka, nikauliza. Niliyoyapata ni haya. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza yoga yenye mantra (maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa) na ibada za Kihindu, na likaruhusu ile iliyo mazoezi ya mwili matupu. Saudi Arabia yenyewe mwaka 2017 iliitambua yoga kuwa michezo, baada ya juhudi za mwanamke anayeitwa Nouf Marwaai. Wapo masheikh wanaoikataa moja kwa moja, nao wana haki yao. Kwa hiyo nesi, usiwafiche watu. Waambie wazi kwamba asili yake ni India, kwamba hapa hakuna mantra, hakuna "Om", hakuna kufumbata mikono kifuani na kusujudia jua, ni viungo na pumzi tu. Mkiita "mazoezi ya viungo" huku mnajua ni yoga, siku mtu akigundua atahisi amelaghaiwa, na sisi wagonjwa tumeshalaghaiwa vya kutosha "twende tukamsalimie shangazi" kumbe tunapelekwa hospitali. Anayekataa kwa imani yake akataliwe kwa heshima... samahani, nimaanishe akubaliwe kukataa kwa heshima. Na kwetu wanawake, kundi la kina mama peke yao, nguo ni dera au baibui, hakuna wa kumwambia mtu avue mtandio.

Kaka wa Handeni, mama yako akitaka kuona kabla ya kuruhusu, mleteni akae aone. Kilichomtuliza mama yangu ni kuona hakuna kitu cha kuficha.

Mengine ni haya. Msitupige picha. Nilishawahi kukaa kwenye kikundi fulani nikaja kujikuta kwenye simu ya jirani, nimenyoosha mikono, chini pameandikwa kwamba ni wagonjwa wa akili. Sikurudi tena kule. Msituambie tutabasamu. Msituombe "ushuhuda" mwisho wa somo. Kuna siku nakaa nimevuka tu salama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, sina la kushuhudia. Na tafadhali sana, mwalimu yeyote akianza kutuambia dawa ni sumu na pumzi inatosha, mwondoeni. Mwenzetu mmoja aliacha vidonge kwa maneno ya namna hiyo na ilitugharimu wote usingizi kumtafuta usiku.

Ninachokipata mimi ni kidogo na nakithamini. Kifua kinafunguka. Nikiamka saa tisa usiku moyo unakimbia, nakaa ukingoni mwa kitanda, nakanyaga sakafu, natoa pumzi ndefu. Mara nyingine narudi kulala, mara nyingine sirudi, lakini sipigi tena simu kwa dada yangu usiku huo nikilia.

Nesi wa Mlimani

Shikamoo mama Bi Utengemao. Ahsanteni wote, nimeyaandika yote kwenye daftari. Dada wa Ng'ambo, pole kwa yaliyokukuta, na hilo la picha nitalibandika mlangoni.

Nimezungumza na mganga mfawidhi. Amesema tuanze kwa majaribio, tutumie chumba cha chanjo siku ambayo hakuna chanjo, na mratibu wa afya ya akili wa wilaya apewe taarifa. Ameuliza tutapimaje kama inafaa. Na mimi nina maswali mawili yamebaki: watu wa kifafa niwaache nje kabisa? Na wenye sindano siku hiyo, wachomwe kabla au baada?

Bi Utengemao

Marahaba mwanangu. Wa kifafa usiwaache nje, wametengwa vya kutosha majumbani, wengine hata sahani zao zimetengwa. Waingie, kiti kisicho karibu na kona ya meza, pumzi za kawaida tu, na muulize kila mmoja kama amekunywa dawa asubuhi na kama amekula. Aliyekuja na njaa apate uji kwanza. Mwenzako ajue la kufanya degedege likitokea: alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, muda uangaliwe, na likipita dakika tano ni dharura.

Sindano wachomwe baada ya kikundi. Aliyetoka kuchomwa flufenazini takoni hawezi kukaa sawasawa kwenye kiti kigumu.

Kupima, usijitwishe mzigo. Kwa wenye sonona mnayo PHQ-9 ya Kiswahili, ile fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, ijazwe kabla ya kuanza na ijazwe tena baada ya miezi mitatu. Kwa wengine andika kwenye faili vitu vitatu kila kliniki: amelala vipi, dawa ameruka mara ngapi na kwa nini, amekaa kikundini au amekataa. Hilo la kukataa liandike bila kulaumu. Mgonjwa aliyekuwa hasemi "sitaki" kwa mtu yeyote, siku akikwambia wewe "sitaki leo", mwandikie dokta, ni habari njema hiyo.

Na yule mama wa pembe ya benchi, usimvute. Mpe habari kwamba kipo, mwambie kiti kipo karibu na mlango.

Mzawa wa Handeni

Nimewasoma wote. Kuhusu dawa msimamo wangu ni uleule, na nesi nakuomba hiyo ripoti yako kwa wilaya itaje pia siku ambazo dawa zilikosekana na walioruka kwa sababu hiyo, iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo. Swali langu moja: sisi wasindikizaji tunaruhusiwa kukaa humo ndani? Mdogo wangu hakai na watu asiowajua, na mimi mwenyewe mgongo na usingizi vimeshaharibika kwa haya mambo.

Nesi wa Mlimani

Nitaitaja kaka, kwenye karatasi hiyohiyo. Kuhusu wasindikizaji, mgonjwa akikubali mkae naye, mtakaa, na mtafanya kama yeye. Akisema anataka aingie peke yake, mtasubiri nje na nitawapatia viti huko. Muulize yeye kwanza, uniletee jibu lake.